Nyumba Isiyofuka Moshi

Jumapili, 18 Mei 1975

Jana kisimani watoto wa darasa la pili waliacha ndoo zao wakakimbia. Nilidhani wameona nyoka. Kumbe walikuwa wamemwona Bibi, amesimama nyuma yangu na kibuyu chake, macho mekundu yanachuruzika machozi. Aliinama akazisimamisha ndoo zao moja moja, maji yasimwagike.

Bibi Nyanjige ni mama yake baba. Wazazi wangu wako Nyashimo na wadogo zangu. Mimi nilipewa Bibi nikiwa mdogo, nimchotee maji na kumchangamsha. Sijui kama namchangamsha. Sauti yangu hukwama kooni hata mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua. Ndiyo maana naandika.

Huku kwetu kila mtu anajua husemwa nini juu ya kikongwe mwenye macho mekundu. Sitaliandika neno hilo. Naandika tu kwamba mwaka juzi bibi mmoja wa ng'ambo ya mto alichomewa nyumba.

Macho ya Bibi yalianza kuharibika tulipohamishwa kuja hapa kijijini. Kwenye kaya yetu ya zamani jiko lilikuwa peke yake, uwanja mpana, upepo unapita. Hapa tumepangwa mstari kama madawati, chumba kimoja na mafiga ndani. Kuni hakuna. Tunapikia miti ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake ni mzito, unalala chumbani kama mgeni asiyetaka kuaga. Tulijaribu kupika nje. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Marcelo, akakataza: upepo wa kiangazi umeanza, nyumba zimejaa pamba, cheche moja tu tumekwisha sote. Amesema kweli.

Mganga wa zahanati alimwambia Bibi, "Huu ni moshi tu, mama. Ukiuepuka utapona. Ukiendelea nao utakuwa kipofu."

Katika kabati la maktaba ya kijiji kuna kijitabu cha afya kinachosema mboga zikipikwa sana hupoteza uzuri wake. Nimekisoma mara nyingi. Kama kukosa moto hakuharibu chakula, na moto ndio unaoharibu macho ya Bibi, kwa nini tusile bila moto?

Jumatano, 21 Mei

Jaribio la kwanza: choroko zilizolowekwa tangu asubuhi, kitunguu, chumvi. Bibi alitafuna kwa upande wenye meno, akatemea kiganjani.

"Mke mwenzangu," akasema (ndivyo anavyoniita kwa utani), "mimi si kuku."

Alhamisi, 22 Mei

Viazi vitamu vibichi vya kukwangua. Tumbo langu lilinguruma darasani wakati wa hesabu. Wote walisikia.

Jumapili, 25 Mei

Nimefaulu!

Siri ni kungoja. Choroko nilizifunga katika kitambaa kibichi, nikazisuuza asubuhi na jioni mpaka zikatoa vimkia vyeupe. Zikawa laini, tamu kama maharage machanga. Karanga mbichi nikazitwanga na nyanya na chumvi mpaka ukawa mchuzi mzito. Nikachanganya. Bibi alionja kwa ncha ya kidole, kisha kwa kidole kizima, kisha akavuta bakuli.

"Hiki kinapita," akasema.

Alipomaliza alifuta bakuli kwa kidole. "Unajua, mjukuu wangu, nyumba isiyofuka moshi watu huitazama. Watasema wana njaa, au watasema wana jambo."

"Ni kwa ajili ya macho yako tu, Bibi."

"Najua. Wao hawajui. Basi liwe letu wawili."

Tatizo ni maji. Redio na shule vyote vinasema maji ya kunywa yachemshwe, na maziwa pia. Maziwa tumeyaacha, nyama tumeiacha, lakini maji hayaachiki. Nikamwambia Bibi nitachemshia kwa akina Philomena, mlango wa tatu.

"Ulisema wawili."

"Philomena si mtu wa kando, Bibi."

Si mtu wa kando kweli. Tunakaa dawati moja tangu darasa la tatu. Mwalimu akiniuliza nikakwama, husimama yeye: "Benedikta anajua, mwalimu, ila bado anafungua mlango." Darasa linacheka, nami napata nafasi ya kupumua. Hakuna aliyewahi kunifanyia wema kama huo.

Jumatatu, 26 Mei

Nimemweleza Philomena yote. Amegusa udongo, akaugusisha ulimini: hatasema.

Jumatano, 28 Mei

Mama Philomena akatazama sufuria yangu mekoni kwake. "Kwenu moto umekufa?"

"Kuni zimekwisha, mama."

"Kuni! Nani ana kuni hapa? Mavi ya ng'ombe nayo yamekwisha?"

Philomena akadakia, "Mama, acha, Bibi yake anaumwa." Tukatoka tukicheka.

Jumatatu, 2 Juni

Kuvuna pamba. Mgongo.

Jumapili, 8 Juni

Bibi sasa anatunga mwenyewe! Leo nimerudi kutoka misa nikakuta ameloweka michembe, vile viazi vinavyokatwa vibichi na kuanikwa, katika maji ya ukwaju. Ilipolainika akaitwanga kidogo na ufuta. Ni tamu na chachu kwa pamoja. Nilikula mpaka nikaona aibu.

"Kitabu chako kinakijua hiki?" akauliza.

"Hakikijui."

"Basi kiandike, kitabu kijifunze."

Jumamosi, 14 Juni

Leo Bibi alikaa mlangoni kuchambua pamba, safi huku, fifi, yaani ile chafu, kule. Mwaka jana kazi hii nilimnyang'anya kwa sababu alichanganya, na pamba chafu ikiingia kwenye safi ghala hulikataa gunia zima. Leo nilikagua rundo lake kwa siri. Halikuwa na hata tonge moja la fifi. Macho bado yana wekundu pembeni, lakini machozi yamekatika. Aliniona nakagua.

"Umeridhika, Bwana Karani?"

Nilicheka kwa sauti. Mimi.

Alhamisi, 19 Juni

Hakuna jipya. Matango, karanga, papai.

Jumapili, 22 Juni

Philomena alikuja, akaonja choroko za karanga. "Mnakula hivi kila siku, nami kwetu nasota na ule unga wa njano wa msaada!" Akaomba apeleke bakuli kwao. Niliogopa kidogo. Akasema atawaambia amepika yeye.

Ijumaa, 27 Juni

Amekuja tena kuomba. Nimempa. Nikamwambia kiliwe leo leo, kikilala kinachacha. "Ndiyo, mwalimu," akasema, akanipigia saluti kwa mwiko.

Jumatatu, 30 Juni

Mdogo wake Philomena, Anatoli, anayeanza kutembea, anaharisha vibaya tangu jana. Wamempeleka zahanati mgongoni. Philomena hakuja shule.

Jumanne, 1 Julai

Anatoli ametundikiwa maji. Nimesali rozari mbili. Nilipokwenda kuchemsha maji, mlango wa kwao ulifungwa nikiwa hatua chache tu. Nilisikia komeo.

Alhamisi, 3 Julai

Anatoli amerudi, anacheka, amekonda. Asante Mungu. Lakini njiani mama wawili niliowaamkia "Mwangaluka" hawakuitikia.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Ngoma, hotuba, gwaride la shule. Bibi alivaa kitenge chake cha sikukuu, akaenda kukaa kwenye benchi la akina mama. Benchi lote likainuka, mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake: huyu amesahau mtoto, huyu anakwenda kunywa maji. Bibi akabaki peke yake, mikono mapajani, anatazama ngoma mpaka mwisho. Hakuondoka mapema. Mimi nilikuwa kwenye gwaride, siwezi kutoka, nainua miguu na kuishusha.

Jumatano, 9 Julai

Nimemngoja Philomena kisimani. Alipoona hana pa kupita akaanza kulia kabla sijasema neno.

Bakuli lile la Ijumaa alilificha chini ya kitanda ale peke yake. Jumapili asubuhi Anatoli alikuwa analia njaa, mama yao yuko shambani, naye akampa kilichobaki. Kilikuwa kimechacha. Alijua.

"Mama alinibana," akasema. "Akaniuliza kimetoka wapi. Ningesema ni mimi niliyempa, baba angeniua."

"Ukasemaje?"

Akaizungusha kamba ya ndoo kidoleni.

"Philomena, ukasemaje?"

"Nikasema Bibi yako alimpa. Kwa mkono wake. Nikasema kwenu hawawashi moto, wanakula vibichi."

Niliuliza kama atasema kweli kwenye baraza. Maana Balozi ameitisha baraza Jumamosi, nyumba zote kumi. Akasema ndiyo. Akagusa udongo akapeleka ulimini kama siku ile.

Nimemwandikia Mwalimu Mustapha ujumbe aje athibitishe habari za kijitabu. Yeye ndiye mtunza maktaba, na alinisifu nilipokiazima mara ya tatu. Amesema atakuja.

Ijumaa, 11 Julai

Nimefanya mazoezi ya maneno yangu mbele ya mbuzi. Ni maneno machache: mganga alisema moshi, nilisoma kitabu, Bibi hana kosa.

Jumamosi, 12 Julai

Nitaandika yote.

Baraza lilikaa mbele ya ghala. Mwalimu Mustapha hakuja. Tuliambiwa amekwenda Bariadi mjini kufuata chaki. Siku ya Jumamosi.

Balozi Marcelo alianza kwa upole. Akasema hamtuhumu mtu, watu wanataka tu kuelewa, mtoto aliugua. Ndipo baba yake Philomena akasimama.

"Mimi nauliza swali dogo. Tangu mwezi wa tano, nani ameona moshi kwa Nyanjige?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Mtu asiyepika anakula nini? Anakula kibichi. Na nani anakula kibichi, ndugu zangu?"

Mtu wa nyuma akasema, "Kule ng'ambo ya mto walichelewa kuuliza." Wanaume kadhaa wakaitikia kwa pua. Nikaona Bibi anajifunga kitenge upya kiunoni, polepole, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Balozi akamwita Philomena. Akasimama, gauni lake la bluu la misa, anatazama vidole vya miguu.

"Bakuli alilitoa nani?"

"Bibi Nyanjige."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

"Nimeambiwa Benedikta alikuwa anachemsha maji kwenu. Ni kweli?"

"Hapana," akasema Philomena. "Hajawahi kuleta sufuria."

Hata hilo! Sufuria! Mama yake mwenyewe aliiona mekoni kwake karibu kila siku, naye alikuwa amekaa pale pale, akarekebisha mtandio.

Balozi akaniambia nami niseme. Nilisimama. Maneno yalikuwepo yote, nayaona kama yameandikwa ubaoni, lakini hayakushuka. Nilifungua mdomo nikafunga. Mtu akasema, "Ona, hata mtoto amefungwa ulimi." Minong'ono ikapanda. Ndipo Bibi akasimama mwenyewe.

"Mnaniuliza nakula nini?" akasema. "Niulizeni kwanza kama nimekula!"

Akainua mkono juu.

"Tazameni mkono huu. Mkono wa mtu aliyeshiba huu? Muulizeni huyu msomi wangu. Amesoma kitabu, kitabu kikamwambia: bibi yako ni sungura."

Mtu akacheka, akajizuia.

"Asubuhi majani. Mchana majani. Jioni ananiambia, Bibi, leo ni sikukuu, kuna majani na kitunguu! Kiberiti amekificha. Nikisema nina njaa, ananisomea ukurasa. Nikilia, ananisomea na ukurasa wa pili!"

Sasa walikuwa wanacheka. Hata Balozi aliuma mdomo.

"Na hilo bakuli la mtoto, ni huyu huyu aliyelitoa. Mimi ningetoa bakuli? Mimi nilikuwa natafuta pa kulitupa! Kichwa chake kimechemka kwa kusoma, ndicho kitu pekee kilichochemka nyumbani kwangu mwezi wa pili sasa." Akageuka, akawanyooshea akina mama mikono miwili kama ombaomba. "Nani ana ugali? Jamani, nani ana ugali? Hata ukoko!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Baba yake Philomena alicheka. Philomena alicheka, nilimwona. Mtu akaita "Sungura!" na jina likapita mstari hadi mstari. Na mimi nimesimama katikati, bado nimesimama, hakuna aliyeniambia nikae.

Bibi mwenyewe ndiye aliyetunga michembe ya ukwaju. Bibi ndiye aliyesema liwe letu wawili. Kiberiti hakikuwahi kufichwa. Kipo rafuni mahali pake.

Wakatusindikiza wote hadi nyumbani. Mama mmoja akaleta unga, mwingine kaa la moto. Bibi akainama mbele ya mafiga, akapuliza. Mavi yakashika, moshi ukajaa chumbani, ukatoka mlangoni na kupenya kwenye nyasi za paa, na watu wakashangilia kama wameona mvua. Akasonga ugali mbele yao, machozi yanamtiririka, akawagawia matonge mlangoni. Walipokea. Mama Philomena alipokea.

Walipoondoka nilimuuliza, "Bibi, kwa nini?"

"Kula," akasema. "Unapoa."

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda misa.

Jumanne, 15 Julai

Shuleni wameniwekea majani ya pamba juu ya dawati. Philomena amehamia dawati la mbele. Mwalimu Mustapha alinirudishia ujumbe wangu umekunjwa vizuri, akasema kijitabu hicho kisiazimwe tena na wanafunzi.

Jumapili, 20 Julai

Kwa wiki nzima sikuongea na Bibi ila "ndiyo" na "hapana". Leo alipika mapema, mlango wazi, amekaa karibu kabisa na moto ambapo wapita njia wanamwona. Wekundu umerudi wote. Nilimwambia akae mbali kidogo walau. Akatikisa kichwa.

"Kaa, mke mwenzangu. Umeninunia vya kutosha."

"Ulisema nimekunyima chakula. Ulisema nilimpa mtoto sumu."

"Sikusema sumu."

"Ulisema bakuli."

Alikoroga muda mrefu. "Walikuja pale wanataka mtu," akasema. "Niliwaona nyuso. Nikawapa wewe, kwa sababu wewe wangekucheka tu."

Najua hesabu hiyo. Naielewa, mimi ni mtu wa kuelewa. Lakini angeweza kunikonyeza. Angeweza kuniambia nyumbani, Ijumaa, nilipokuwa nahutubia mbuzi, kwamba hanitegemei. Alinisikiliza nikifanya mazoezi, akasema, "Vizuri."

Nilimwambia hivyo. Akajibu, "Ungejua, usingesimama vile. Wangeona."

Alhamisi, 24 Julai

Maji tunachemsha nyumbani sasa.

Jumamosi, 2 Agosti

Watoto wa darasa la pili wamembebea Bibi kibuyu chake kutoka kisimani hadi mlangoni. Walipomaliza wakamwomba asimulie habari za sungura. Akasimulia. Imerefuka: sasa ati nilimpimia majani kwa rula. Nilikuwa ndani, nasikia kila neno, na vicheko.

Alhamisi, 7 Agosti

Philomena alikuja na matango sita katika kanga ya mama yake. Alisimama nje. Akasema yeye alikuwa na hofu, kwamba hata Bibi yangu alinisingizia mimi ili kujiokoa, kama yeye, sasa kosa lake ni lipi? Niliyaacha matango chini. Mbuzi waliyala.

Jumanne, 12 Agosti

Bibi ameniuliza jina la mtu aliyepita mlangoni. Alikuwa Mzee Marcelo, hatua tano kutoka kwake, mchana.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumepeleka pamba ghalani. Foleni ndefu, watu wa nyumba zetu zote na wengine kutoka mbali. Bibi alikuja nami, mkono begani kwangu kwa sababu ya njia. Kila mtu alimwamkia: "Mwadila, Mayu!" "Mwadila!" Wakamletea gunia tupu akalie kivulini. Mbele ya mizani alikuwa karani mgeni, kijana aliyeletwa msimu huu, na watu hawakuweza kumwacha bila kumpa ile habari. Wakampa. Bibi akaongezea pale walipopunguza.

Karani akacheka, akaniangalia juu ya miwani. "Ati ni kweli, binti? Ulimlisha bibi yako majani?"

Wote wakageuka. Nilimtazama Bibi. Uso wake ulielekea upande nilipo, si mahali nilipo hasa. Na nyuma yake, katika kundi lile, alikuwepo yule mtu aliyesema ng'ambo ya mto walichelewa. Naye alikuwa anangoja jibu, na hakuwa anacheka bado.

"Ni kweli," nikasema. "Na Jumapili nilimwongezea pumba."

Foleni nzima ilipasuka kwa kicheko. Yule mtu alicheka kuliko wote, akajifuta uso kwa kofia. Bibi alinyoosha mkono hewani akiutafuta mkono wangu, anacheka naye, anasema, "Mnamsikia? Mnamsikia?"

Sikuushika. Mizani ilikuwa wazi, nikainua gunia letu nikasogea mbele.